Kumsomea hadithi mtoto anayeongea kwa ubao wa picha

Mpwa wangu ana miaka saba na mtindio wa ubongo. Haongei kwa mdomo, anagusa picha ubaoni. Haya ndiyo tunayofanya kila jioni hapa Ujiji. Wiki iliyopita nilimwelekeza mama mmoja wa Kibirizi, akaanza siku hiyohiyo.

1. Kitabu. Kiwe kifupi, chenye maneno yanayojirudia. Chetu tulikichora kwenye daftari: kunguru anaiba dagaa walioanikwa mchangani, bibi anamfukuza, "Toka! Toka!", kunguru anarudi. Bandika kipande cha sponji kwenye kona ya kila ukurasa ili kidole kipate pa kuingilia.

2. Ubao. Picha za bure zipo kwenye tovuti ya ARASAAC, inayomilikiwa na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania. Usijaze majina ya vitu, maana hadithi ikiisha kunguru hana kazi tena. Anza na tena, toka, rudi, taka, sitaki, nani, wapi, imeisha. Hayo atayatumia hata wakati wa kula na kuoga. Picha moja ya "rudi" inatosha kwa anarudi, amerudi na atarudi: gusa hiyo, tamka neno zima. Mimi napenda karatasi kuliko tableti. Umeme ukikatika, mtoto bado ana maneno yake.

3. Kusoma. Hapa nilipoteza miezi miwili. Kila ukurasa nilikuwa nauliza, "Hii nini? Nionyeshe kunguru," naye anageukia ukutani. Nikadhani hapendi hadithi. Kumbe nilikuwa nampa mtihani wa lugha ambayo hajawahi kumwona mtu akiitumia! Kwa hiyo gusa wewe. Soma "Kunguru amerudi tena!" huku kidole chako kikipita kwenye rudi, kisha tena. Usidai jibu. Nyamaza, uhesabu moyoni mpaka kumi. Kwa mpwa wangu kumi haitoshi, mkono wake huanza kunyanyuka nikifika kumi na tano. Usimshike mkono kuupeleka kwenye picha, maana neno hilo litakuwa lako, si lake. Macho yakitua kwenye picha, lipokee kama neno. Na akigusa "imeisha" katikati ya hadithi, funga kitabu kweli, hata kama unahisi amekosea.

4. Rudia kitabu kilekile. Jioni ya kumi na moja, kabla sijafunua ukurasa, aligusa "toka", akamtazama bibi yake aliyekuwa anachambua dagaa. Bibi akaweka ungo chini, akatoka uani kumfukuza kunguru.