Mchunga na maji yake: jinsi ya kuupima mmea ulio mboga na dawa

Mpishi wa mchunga huuchemsha, akamwaga maji yale machungu, kisha akayaunga majani kwa tui la nazi. Anayeumwa tumbo naye huuchemsha vilevile, ila yeye huacha majani na kunywa maji. Nimefanya kazi maabara miaka mingi, na ripoti nyingi za wanafunzi zinazopita mezani kwangu hazimhusu hata mmoja wao. Wamepima unga wa majani makavu uliolowekwa kwenye methanoli, kitu ambacho hakuna binadamu anayekila wala kukinywa.

Huu hapa utaratibu ninaoufuata mimi. Mfano ni mchunga, lakini njia ni ileile kwa mnavu, kisamvu au mlonge.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujachuma

Vibali kwanza. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya mimea na viumbe vingine, inataka idhini ya awali na makubaliano ya kugawana faida, kwa hiyo usianze kuchuma ukitegemea kwamba karatasi zitafuata baadaye.

Kisha keti na wanaoujua mmea. Uliza sehemu gani huchumwa, kabla au baada ya maua, maji kiasi gani, moto kwa muda gani, mfuniko upo au haupo. Beba mizani ndogo. Bibi mmoja wa upande wa Muheza nilipomuuliza kipimo alifumba viganja: "Konzi mbili, mwanangu." Nikamwomba anichumie konzi mbili zake mara tatu, nikapima zote, nikaandika wastani. Nilipoinamisha sufuria nimwage maji, akanishika mkono. "Hayo unayomwaga ndiyo dawa yenyewe. Majani wape kuku."

Maneno kama hayo yaandike neno kwa neno, maana namna ya kuandaa nayo ni data. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko China, Tu Youyou na wenzake, wakitafuta dawa ya malaria, walikuwa wakihangaika na mmea wa qinghao, yaani Artemisia annua, matokeo yakipanda na kushuka. Andiko la kale la Ge Hong, la karne ya 4, lilisema mmea ulowekwe kwenye maji kisha ukamuliwe, halikutaja kuchemsha. Tu Youyou akashuku kwamba moto ndio unaoharibu, akahamia etha, inayochemka kwenye nyuzi kama 35 tu. Hapo ndipo ilipopatikana artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hatua ya 2: Hakikisha ni mchunga kweli

Hapa niliwahi kupoteza miezi miwili. Nilikusanya magunia ya "mchunga" kabla ya msimu wa maua, nikakausha, nikasaga, nikapima. Mtaalamu wa mimea alipouona mche mmoja uliobaki akacheka: mwingi ulikuwa mmea mwingine, Sonchus oleraceus. Nao ni mchungu, nao una utomvu mweupe, na wapo wanaouita mchunga.

Mchunga ninaouzungumzia hapa ni Launaea cornuta, ambao Wagiriama huuita mutsunga. Ung'oe, usiukate. Launaea hutambaa kwa mashina ya chini ya ardhi, ilhali Sonchus oleraceus una mzizi mkuu mmoja, na sehemu ya chini ya majani yake hulikumbatia shina kwa masikio mawili. Cornuta ni Kilatini, maana yake "yenye pembe", na ukiyatazama majani yalivyochongoka utaelewa.

Chukua miche mitatu mizima yenye maua na mizizi. Ibane kati ya magazeti na mbao mbili, ubadilishe magazeti kila siku mpaka ikauke. Kwenye lebo andika mahali, tarehe, jina ambalo wenyeji huuita mmea, na vitu vitakavyopotea ikikauka: rangi ya ua na utomvu. Peleka hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Hebaria ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, upewe namba. Ripoti isiyo na namba hiyo mimi siisomi.

Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu siku hiyohiyo

Osha majani kama wanavyoosha wapishi, kisha suuza kwa maji yaliyokenekwa (distilled). Usiharakishe, kwa sababu udongo mwekundu uliong'ang'ania jani utaingia kwenye kipimo cha madini ya chuma, nawe utatangaza mboga ya ajabu kumbe umepima vumbi.

Fungu la kwanza libaki bichi. La pili lichemshe kwa kipimo na muda ulioonyeshwa, uchuje. Majani yawe sampuli moja, maji sampuli nyingine. Pima ujazo wa maji yaliyobaki, kwa sababu bila huo hutajua kilichotoka kwenye jani kimekwenda kiasi gani. Fungu la tatu ni la kukausha, kwa ajili ya Hatua ya 5.

Vitamini C haisubiri kesho. Ponda sampuli ndani ya asidi ya metafosfori, chuja, kisha tonesha DCPIP, rangi ya buluu ya kupimia vitamini C, mpaka waridi hafifu ibaki kwa sekunde kama 15. Ukijani wa majani huificha waridi hiyo, kwa hiyo zimua zaidi na weka karatasi nyeupe chini ya chupa.

Hatua ya 4: Unyevu, majivu, protini

Unyevu hupimwa kwa oveni ya nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike. Tuseme sahani tupu ni gramu 12.40, ikiwa na majani mabichi 17.40, na baada ya oveni 13.10. Kilichobaki ni gramu 0.70 kati ya 5.00, yaani asilimia 14. Sasa tuseme umepata miligramu 5 za madini ya chuma kwa gramu 100 za majani mabichi. Ukiandika kwa uzito mkavu zinakuwa karibu 36. Mchunga ni uleule! Sifa nyingi za majani ya miujiza mitandaoni zimezaliwa hapa: jani kavu linashindanishwa na chungwa bichi. Andika hesabu zote mbili.

Majivu: choma sampuli kwenye tanuri la nyuzi 550 mpaka yawe meupe au ya kijivu. Yachemshe na asidi haidrokloriki. Kisichoyeyuka kwa kiasi kikubwa ni mchanga, nacho kitakuumbua kama uliosha vibaya.

Protini kwa njia ya Kjeldahl: pima nitrojeni, uizidishe kwa 6.25. Majani yana nitrojeni isiyo ya protini, basi iite "protini ghafi".

Hatua ya 5: Kemikali za upande wa dawa

Kausha kivulini penye upepo, au kwenye oveni ya nyuzi 40. Usianike juani. Saga, chekecha, kisha tengeneza dondoo la maji kwanza, la ethanoli baadaye. Yale maji ya sufuria yapime moja kwa moja, bila kukausha chochote.

Saponini: tikisa testitubu kwa nguvu, uone kama povu linadumu dakika 10. Tanini: matone ya feri kloridi, tazama buluu-nyeusi au kijani iliyokolea. Alkaloidi: kitendanishi cha Dragendorff, mashapo ya rangi ya chungwa. Kila safari weka testitubu mbili za ulinganisho: moja maji matupu, nyingine kitu unachojua kitajibu. Kwa tanini, chai ya rangi iliyokolea inatosha kabisa.

Povu na rangi zinasema kemikali ipo. Hazisemi inatibu, wala kwamba ni salama. Kwa hiyo mwenye homa asitegemee maji haya, apelekwe kupimwa malaria.

Hatua ya 6: Rudia, hifadhi

Kila kipimo mara tatu, na mchunga wa angalau sehemu tatu tofauti. Bakiza gramu 20 za unga kwenye chupa ya kahawia na kiasi cha maji ya sufuria kwenye friza, vyote vikiwa na namba ya hebaria. Andika lebo kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida hufutika kwenye unyevu wa friza, na hilo nimelijua nikiwa na chupa kumi na mbili mkononi zisizo na jina.