Kuhamia shamba Malindi: namna ya kuchagua mahali kabla ya kutoa pesa

Huu ni mwaka wa saba tangu nihame Mombasa na kuishi shambani, bara kidogo ya Malindi. Swali ninaloulizwa zaidi na watu wa mjini ni moja: ninunue wapi? Wengi wameshatumiwa picha na dalali, imepigwa Juni, majani yamesimama, minazi inang'aa. Mimi pia nilionyeshwa shamba Juni, ekari tatu ng'ambo ya mto Sabaki, upande wa Gongoni. Zilibaki siku mbili nitoe arubuni. Shangazi yangu akanizuia. "Mwanangu, rudi wakati wa kaskazi uone wanakunywa nini." Nikarudi Februari. Kisima kilikuwepo na maji yalikuwemo, lakini mbuzi wa jirani waliyanusa wakaondoka. Dalali alikuwa ameniambia ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi.

Hatua ya 1: Hesabu maji ya nyumba yako

Kabla ya kutazama ramani, jua unahitaji nini. Sisi ni watu watano. Kwa kubana tunatumia lita 200 kwa siku, yaani madumu kumi. Kiangazi cha hapa huanza Januari na kuendelea mpaka masika yashuke Aprili, kwa hiyo weka akiba ya siku 100: lita 20,000, matangi mawili ya lita 10,000. Hiyo ni ya watu tu. Mbuzi na bustani wana hesabu yao.

Sasa tazama paa. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 60 za mraba, penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, linapokea lita 54,000. Ukitoa inayomwagika na ya kuosha paa, utapata kama 43,000. Ukienda mahali penye milimita 500, paa lile lile likishajaza matangi linakubakishia maji kidogo sana ya miezi mingine. Makuti nayapenda kwa ubaridi wake, lakini maji yake ni ya kahawia na yana takataka. Jikoni na ghalani piga bati.

Hatua ya 2: Nenda Februari, usome miti

Shuka Malindi, ushike njia ya Langobaya, halafu uangalie minazi. Mnazi unataka mvua ya kutosha, kama milimita 1,000 kwa mwaka, au maji yaliyo karibu chini ya ardhi. Ukiona minazi minene yenye makole yaliyojaa, ardhi inakueleza jambo ambalo dalali hawezi kulighushi. Kadiri unavyoingia bara minazi inapungua, inabaki mikorosho na miembe, kisha migunga na mibuyu inatawala. Huko watu wanaishi na wanafuga vizuri, lakini ni maisha ya mifugo, pojo na kunde. Mtu anayeota bustani ya mboga atateseka.

Upande wa kusini, Gede na Msabaha, mvua ni nzuri zaidi na barabara kuu iko karibu, ila ardhi ni ghali. Na ukisogelea msitu wa Arabuko-Sokoke, uliza habari za ndovu na nyani. Ndovu wamezungushiwa ua wa umeme. Nyani hakuna ua unaowazuia, na shamba la mahindi lililopakana na msitu linahitaji mtu wa kulinda kutwa.

Hatua ya 3: Onja kisima siku ya bamvua

Karibu na pwani ardhi ya chini ni mawe ya matumbawe. Maji ya mvua yanapenya na kuelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji baridi ni mepesi. Ukichimba kina kupita kiasi, au jirani akiweka pampu kubwa, chumvi inapanda. Ndiyo sababu kisima kinaweza kuwa kitamu miaka kumi kisha kiharibike baada ya hoteli au shamba kubwa kufunguliwa pembeni.

Kwa hiyo usionje mara moja. Nenda mwezi ukiwa mchanga au mpevu, wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, uonje maji ya kisima bahari ikijaa na ikipwa. Kisha piga hodi nyumba ya jirani, umsalimie mama mwenye nyumba, na akikukaribisha chai uipokee. Tazama ndani ya birika. Ukoko mweupe mzito maana yake maji yana chokaa. Yanafaa kunywewa lakini sabuni haitatoa povu. Chai yenyewe ikiwa na ladha ya chumvi, umeshajibiwa. Kati ya Gongoni na Marereni kuna mashamba ya chumvi kwa sababu ardhi ile inafaa chumvi. Usiende kulima mchicha hapo.

Hatua ya 4: Uliza mto ulifika wapi

Kingo za Sabaki zina udongo mzuri kuliko popote hapa, na utashawishika. Waulize wazee wakuonyeshe kwa mkono maji yalifika wapi mvua za El Niño za 1997, mafuriko ya 2018, na yale ya mwisho wa 2023. Sio kwa maneno. Mtembee pamoja mpaka kwenye mti wenyewe. Nyumba ijengwe juu ya alama ile, shamba liwe chini. Na mamba wapo. Watoto hawatumwi mtoni.

Hatua ya 5: Uliza minazi ni ya nani

Hapa ndipo watu wa mjini wanapoumia, na naomba uisome hatua hii mara mbili. Pwani yetu mtu anaweza kuwa na ardhi na mwingine akawa na miti iliyo juu yake. Aliyepanda mnazi, au mwanawe, atakuja kuangua nazi hata kama hati ina jina lako. Kaa na wazee mtaje miti mmoja mmoja: huu wa nani, ule wa nani. Ama mfidie mwenyewe mbele ya mashahidi, ama mkubaliane ataendelea kuangua. Uliza pia makaburi na vigango, yaani nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu. Hivyo havihamishwi kwa sababu wewe unataka kuweka banda la kuku.

Ulizia pia nani anaishi hapo bila karatasi. Familia nyingi ziko juu ya ardhi iliyoandikwa jina la mtu wasiyewahi kumwona, tangu sheria ya hati za ardhi ya 1908. Ukinunua kwa mwenye jina, unanunua na ugomvi huo, na watakaofukuzwa ni majirani zako. Mimi sinunui ardhi ya namna hiyo kwa bei yoyote.

Karatasi zenyewe: fanya serchi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, lete mpima wako mwenyewe athibitishe bikoni, yaani alama za mipaka, pata idhini ya mume au mke wa muuzaji. Kama mwenyewe ni marehemu, usitoe shilingi kabla mirathi haijathibitishwa mahakamani. Barua ya ugavi, ile ya kugawiwa ardhi, bado si hati. Ardhi ya kilimo inahitaji kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila hicho mauzo ni batili.

Hatua ya 6: Panga chumba kwanza

Kodi chumba kijiji hicho hicho kuanzia Januari. Nunua maji wanakonunua, panda bodaboda mpaka hospitali ya Malindi usiku mmoja uhesabu dakika, na uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo. Machi ikiisha na bado unapataka, azima kipande kwa jirani. Mvua ya kwanza ikishuka panda pojo, ambazo huvunwa ndani ya miezi miwili hadi mitatu. Mkifika mavuno pamoja, utakuwa unamjua aliye upande wa kulia na wa kushoto wa shamba unalotaka, nao watakuwa wanakujua. Hapo mwite muuzaji mzungumzie bei.