Feza ya madini ilienda wapi? Namna ya kuuliza komini kwa mukanda

Lubumbashi hapa kulalamika tunajua, mu takisi, mu buvette, ku WhatsApp, "feza ya leta banakula tu", sawa, lakini mukubwa wa komini hana lazima ya kujibu maneno ya mu takisi. Mukanda njo anapashwa kujibu.

Kwanza ujue unauliza feza gani. Kode ya madini ya 2018 inagawa redevansi, ile feza kampuni inalipa leta ju ya madini yenye inatoa, hivi: 50% leta ya Kinshasa, 25% provense, 15% kwenye mugodi wenyewe uko (komini, sekta, sheferi), 10% ya vizazi vya kesho. Kama unaishi Rwashi, ile 15% inakuangalia kabisa. Kama kwenu hakuna mugodi, uliza tu budje ya kawaida, nayo ni haki yako.

Mbele ya kuandika, ingia ku intaneti usome ripoti za ITIE-RDC, ule mupango wa uwazi wa feza ya madini mu Kongo, mule banaandika kampuni gani ilitangaza imelipa ngapi. Zinachokesha kusoma, kweli, lakini ukifika na namba banajua hukuja kupima bahati.

Sasa mukanda. Usiandike "tunaomba uwazi katika usimamizi", watakujibu "asante kwa wasiwasi yenu" na inaishia pale. Andika hivi: "Tunaomba kopi ya budje ya komini ya mwaka 2024, na kopi ya karatasi yenye kuonyesha redevansi yote yenye iliingia mu konti ule mwaka." Mwaka moja, karatasi zenye zinajulikana, basi. Kisha utaje Katiba ya 2006: artikli 24 inasema kila mutu ana haki ya kupata habari, artikli 27 inasema Mukongomani akiandikia leta petisio, peke yake ao na benzake, leta inajibu mu miezi tatu, na hakuna mutu wa kushitakiwa ju ya ile. Musainie wengi, ba mama ba soko, avenue muzima, ju mutu moja ni mwepesi kuogopesha.

Hapa njo wengi banaangukia: peleka kopi mbili. Sekretere atakuambia "acha tu hapa papa, nitamupatia mukubwa akirudi". Usiache. Mwambie polepole, "mama, unipigie kwanza tampo ku ya kwangu", na uangalie kama ameweka tarehe, jina, na namba ya rejista. Bila tampo ule mukanda haukufika, na miezi tatu hainaanza kuhesabiwa. Akiomba ya soda, utaamua mwenyewe, miye siipatie, ju kesho ataomba ya kukupa jibu.

Miezi tatu ikipita kimya, tuma wa kukumbusha, ubandike fotokopi ya ule wa tampo, na kopi ingine upeleke ku asemble ya provense na ku radio yenye wanaisikiliza kwenu.