Ukuta wa zege upimwe kwa rada kabla ya drili

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kumtangulia fundi wa drili. Mtu akitaka tundu la bomba la kiyoyozi kwenye ukuta wa zege, napita kwanza na rada ya mkono, kifaa kinachotuma mawimbi ya redio ndani ya ukuta na kupokea mwangwi wake, nachora kwa chaki nondo na mabomba ya nyaya yalipo. Bimu ikikatwa nondo za chini imepungukiwa nguvu ya kubeba, na hakuna plasta itakayoirudishia.

Anza kwa macho. Soketi na swichi ziko wapi? Bafu liko upande gani? Nyuma ya ukuta kuna nini? Nyaya kwa kawaida hupanda wima kutoka kwenye swichi, kwa hiyo ukijua unachotarajia, picha itasomeka.

Kisha tafuta kasi ya wimbi ndani ya ukuta. Hapa sikubali njia ya mkato, maana rada hupima muda, haipimi sentimita. Hewani wimbi hukimbia sm 30 kwa nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwenye zege kavu ni kama sm 10 hadi 12. Zege likilowa kasi hushuka zaidi. Tuseme kasi ni sm 10 na mwangwi umerudi baada ya nanosekunde 2: wimbi limesafiri sm 20 kwenda na kurudi, basi kitu kiko sm 10 ndani. Usiiamini kasi iliyowekwa kiwandani. Nenda penye mlango au dirisha, pima unene wa ukuta kwa futi kamba pamoja na plasta yake, tafuta kwenye skrini mstari wa mgongo wa ukuta, yaani upande wake wa nyuma, kisha rekebisha kasi mpaka namba zilingane. Ukuta wa bafuni na wa sebuleni kila mmoja una kasi yake, hata kama ni wa nyumba moja.

Chora miraba ya sm 60 kwa 60, mistari kila sm 5 au 10. Pita mistari yote ya wima, halafu ya mlalo, kwa sababu nondo huonekana vizuri pale antena inapoikatiza. Ukienda sambamba nayo inaweza kukupotea kabisa. Futa vumbi, magurudumu ya rada yasiteleze: ndiyo yanayohesabu umbali.

Kwenye skrini nondo hutokea kama upinde, kwa kuwa antena huanza kuiona kabla ya kuifikia na huendelea kuiona ikishaipita. Yenyewe iko chini ya kilele. Programu huukusanya upinde kuwa nukta, nayo hukupa nafasi ya kuhakiki kasi yako: upinde ukibaki, kasi uliyoweka ni ndogo, mbawa zikipinda juu kama tabasamu, ni kubwa mno.

Upinde mmoja haunitoshi. Nondo hupangwa kwa nafasi zinazolingana na kina kimoja. Kinachovunja mpangilio ndicho nakifuata mstari baada ya mstari. Bomba tupu la plastiki hujibu kwa unyonge, na mara nyingi rangi zake hupinduka: penye nondo nyeupe hutangulia nyeusi, hapa nyeusi hutangulia.

Wavu wa chuma ulio karibu na plasta huficha vyote vilivyo nyuma yake. Ukiweza, pimia upande wa pili. Bloku zenye matundu nazo husumbua, kila tundu lina mwangwi wake. Kuta za mawe na chokaa za Mji Mkongwe, Zanzibar, ndizo ngumu kuliko zote, kwani unyevu na chumvi hula mawimbi. Lakini kidaka, yaani shubaka la ukutani, kilichozibwa kikabaki na uwazi ndani kinaweza kujitokeza waziwazi, na kazi hizo nazipenda mno.

Chora matokeo ukutani penyewe, uache nafasi ya sm 3 kila upande wa nondo au bomba. Rada haijui waya upi una umeme, hivyo zima swichi kuu na uhakikishe kwa testa. Piga picha ya michoro ikiwa na vipimo kutoka kona ya mlango, umpe mwenye nyumba. Fundi atakayekuja kufunga kabati ataihitaji.