Sangara mkubwa hapakiwi kwenye kayaki kwa pupa

Wenzangu wa Nairobi mnaofunga kayaki, ule mtumbwi mwembamba wa kasia, juu ya gari Ijumaa jioni na kushika njia ya Ziwa Victoria, kumbukeni kwamba sangara anaweza kuzidi mita 1.5 na kuwa mzito kuliko mvuvi mwenyewe. Anaponasa, elekezeni fimbo ya kuvulia upande wa omo, yaani mbele ya kayaki, kwa kuwa akivuta kutoka mbele huikokota kayaki tu, lakini akivuta kutoka ubavuni anaweza kuipindua. Breki ya rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, ilegezwe kiasi, na mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja, maana samaki akizamia ghafla uzi ule mwembamba hukata nyama kama wembe.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, huja samaki anapofika karibu, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu huinama ubavuni kwa furaha. Mwacheni achoke kwanza. Kisha uzito wa mwili ubaki katikati, kichwa kisivuke ukingo wa kayaki, na ndoana itolewe kwa koleo refu akiwa bado majini. Msimshike mashavuni, kwani vifuniko vya matamvua yake vina miiba mikali.

Kisu cha kukatia mshipi kikae kifuani, juu ya jaketi la kuokolea, si ndani ya mkoba. Kupanda tena kayaki baada ya kuanguka nilijifunza katika bwawa la kuogelea la mtaani kwetu, watoto wakinicheka.