Ukitaka diplomasia ya misaada, anzia mpakani mwa shamba

Vijana wengi huniuliza wasome nini ili wafanye kazi ya diplomasia ya misaada, yaani kuzungumza na pande zinazogombana ili walioathirika wasaidiwe. Mimi huwaambia waanze na lugha. Nilizaliwa Kasulu, na Kiha changu ndicho kilichonipa kibarua cha ukalimani kwa wakimbizi wa Burundi, maana Muha na Mrundi huelewana. Shahada ilifuata baadaye. Ukiweza pita njia hiyo: ukalimani, uandikishaji kambini, foleni ya mgao. Huko utajua watu wanaogopa nini kabla hujakaa na viongozi wao.

Kisha jua miaka ya mahali unapokwenda. Mkataba wa Arusha wa amani ya Burundi ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, Mandela akisuluhisha baada ya Mwalimu Nyerere kufariki 1999. Lakini ukifika Rumonge au Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, mwaka utakaousikia ni 1972, mwaka wa mauaji makubwa. Waliokimbia mwaka huo waliporudi walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wengine, baadhi wakiwa wamepewa na serikali na wamezika wazazi wao humo humo. Sheria ya ardhi ya 1986 nayo iliweza kumlinda aliyekaa miaka 30. Hapo hakuna mwizi wa kumnyooshea kidole, na ndiyo maana kazi ni ngumu.

Ukiitwa kwenye ugomvi wa namna hiyo, usianze na mkutano. Nenda kwa kila upande peke yake, kwa miguu. Mwaka wangu wa kwanza nilishuka kwenye gari la kiongozi mmoja, na familia iliyokuwa ikimwogopa haikunifungulia tena mlango. Omba uonyeshwe shamba. Mrejeaji atakuonyesha mti uliopandwa na babu yake. Anayelima sasa atakuonyesha mifereji aliyoichimba na makaburi. Usibishe, usitikise kichwa kukubali. Uliza: mchikichi huu ulipandwa na nani, maji mnachota wapi, nani alikuwa jirani? Waulize wanawake bila wanaume kuwepo. Burundi urithi huamuliwa na mila, na mjane aliyerudi na watoto anaweza kukosa hata wa kumsemea.

Ndipo uwaombe Bashingantahe, wazee wasuluhishi wa jadi, wawaketishe wote. Wewe kaa pembeni. Wazee hao watabaki kilimani ukishaondoka.

Usiahidi kitu kisicho mkononi mwako, hata bati moja.

Wakikubaliana, andika kwa Kirundi, usome kwa sauti, utaje alama ambazo mtu hawezi kuzihamisha usiku: mwamba, kijito, kaburi. Nasisitiza hili kwa sababu siasa hubadilika. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine iliyoundwa 2006 mwanzoni ilihimiza watu wagawane, baadaye ikaelekea kumrudishia mrejeaji shamba lote. Hati yako itasomwa na watu ambao hawakuwepo siku ile. Ila majina ya waliokueleza siri yasiingie kwenye ripoti wala kwenye simu yako.

Rudi baada ya mavuno ya kwanza, hata kama bajeti imekwisha. Usiulize habari za amani. Tembea ile njia ya kwenda kuchota maji mliyokubaliana ibaki wazi. Ukikuta imezibwa kwa miiba, anza upya na yule aliyeiziba.