Somo: Kuandika mti wa ukoo bila kumgeuza baba mdogo kuwa baba mzazi

Kila ikikaribia Desemba, watu wanapojiandaa kwenda makwao, naulizwa yaleyale. Mtoto wa mjukuu anaitwaje? Ukoo na nasaba si kitu kimoja? Nimechoka, naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Nunua kaunta buku. Tumia penseli, si peni.

2. Anza na wewe, panda juu. Ukiandika "babu" peke yake hujaandika kitu. Andika babu mzaa baba au babu mzaa mama.

3. Kushuka: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza.

4. Uliza ukoo unapita kwa nani. Wachaga na Wahaya hufuata kuumeni. Waluguru na Wamakonde kwa asili hufuata kukeni, mtoto ni wa ukoo wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Nasaba ni mstari: fulani bin fulani bin fulani, hadi mnapokomea. Ukoo ni watu wote waliotoka kwenye shina hilo, ndiyo maana kuna kikao cha ukoo, hakuna kikao cha nasaba.

5. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilimhoji jamaa mmoja Mbagala, nikamuuliza, "Baba yako nani?" Akataja jina, nikaandika, na wadogo zake watatu nikawapanga hapohapo. Kumbe aliyemtaja ni baba mdogo aliyewalea. Baba mzazi alishafariki zamani. Bango likachapwa Kariakoo, mita tatu, rangi tupu, likatundikwa siku ya kikao. Shangazi mmoja akavaa miwani, akasogea, akaweka kidole kwenye jina la marehemu kaka yake, akashuka nacho taratibu. Kidole kikaishia kwenye weupe. Akageuka: "Kwa hiyo huyu hakuzaa?" Watoto wanne wa marehemu walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Jamaa hakunidanganya. Kwetu kaka wa baba ni baba, dada wa mama ni mama, na watoto wao ni kaka na dada zako. Binamu ni mtoto wa mjomba au wa shangazi. Kwa hiyo uliza, "Nani aliyekuzaa?" halafu "Mmezaliwa wangapi tumbo moja?"

TAHADHARI: tumbo moja maana yake mama mmoja. Kama ni baba mmoja, mama mbalimbali, andika hivyo hivyo.

TAHADHARI: usiandike "mtoto wa nje" popote, hata kwa penseli. Jina la mama yake linatosha.

6. Kabla ya kuchapa, msomee mzee mmoja kwa sauti. Akinyamaza mahali, hapo pana jambo.

MASWALI

Kijana wa Tandale: Mkuu, kitukuu ni mjukuu wa mjukuu?
— Hatua ya 3.
Kijana wa Tandale: Nimeisoma, sijaelewa.
— Mtoto wa mjukuu. Mjukuu wa mjukuu ni kilembwe.

Mwanafasihi: Umepotosha. Binamu ni Kiarabu, mtoto wa ami, yaani kaka wa baba.
— Asili yake ndiyo hiyo, sijakataa. Ila Kiswahili kilipolipokea neno kikalipa kazi nyingine, maana mtoto wa ami alishakuwa ndugu. Nenda Buguruni umwite mtoto wa baba yako mkubwa binamu mbele ya wazee, uone utakavyotazamwa.

Binti Kigamboni: Naweza kujiita mzalia wa Dar?
— Swali zuri. Andika mzaliwa, au mzawa. Zamani huku pwani wazalia waliitwa watoto wa watumwa waliozaliwa hukuhuku, ili watofautishwe na waliotekwa bara. Mzee anayelijua neno hilo hatalisikia kama unavyolisikia wewe.

Mjukuu wa Matombo: Mama Mluguru, baba Mchaga. Nina koo mbili au sina hata mmoja?
— Mbili, zote zinakudai! Angekuwa baba ndiye Mluguru na mama Mchaga, kwa mila kila upande ungekuelekeza kwa mwenzake. Chora karatasi mbili, usilazimishe moja. Na muulize mama lukolo lake, ndivyo Waluguru wanavyouita ukoo, kisha umtafute mjomba. Ukipata, rudi utusimulie.

Fundi Redio: Nyongeza: mkirekodi wazee kwa simu, iwekeni juu ya kanga iliyokunjwa. Meza ya mbao inavuma.
— Asante. Na siku ya arobaini ni nzuri, wazee wote wapo.

Chaurembo: Bibi ananiita mume wangu. Niandikeje?
— Huo utani. Acha.

Mpole255: Mkuu nitengenezee wa kwetu, nakutumia majina.
— Unayo mangapi?
Mpole255: La babu tu.
— Mzaa nani?